Mtoko wa ghafla na sahani ya samaki: jinsi ya kupata stori za ukoo kwa mzee wako bila kumhoji

Siku hiyo nilikuwa nampeleka mama kupima sukari. Hajala tangu usiku maana walimwambia aje na tumbo tupu, kavaa dera lake la kutokea na mtandio, tumefika tunaambiwa anayepima hayupo, rudini Jumatatu. Jumamosi hiyo, saa mbili asubuhi. Mama kakasirika, mimi nimekasirika zaidi, mwanangu kiti cha nyuma anauliza tunakula saa ngapi. Tulikuwa Bunju. Nilivyofika barabara kubwa, upande mmoja nyumbani Tegeta, upande wa pili Bagamoyo, na kwa kweli sikuwaza chochote, nikakata kwenda Bagamoyo.

Mama akakaa kimya mpaka Mapinga. Kerege ndo akauliza, tunaenda wapi? Nikamwambia tunaenda kula samaki. Samaki wa nani? Sijui mama, tutawakuta. Akacheka, akavua viatu, akakunja miguu juu ya kiti, na mimi mama yangu kukunja miguu kwenye gari sijawahi kumuona.

Pale soko la samaki Bagamoyo, ukishuka tu unakutana na moshi. Kina mama na makarai yao juu ya kuni, mafuta yanachemka, samaki wanageuzwa. Mama akasimama katikati ya njia, watu wanampita na ndoo kichwani yeye kasimama tu. Akasema, "Harufu hii ya stesheni." Stesheni gani mama? "Ya Muheza. Baba alitununulia samaki pale, mmoja, tugawane." Mkagawana na nani? Akataja jina. Jina lenyewe ni la kaka yangu mkubwa, ila huyu anayemsema sio kaka yangu, alikuwa kaka yake yeye, alimfuata kwa umri, akafa kwa surua akiwa na miaka sita au saba. Mimi nina miaka 42. Nilikuwa sijui kama mama aliwahi kuwa na kaka wa kumfuata nyuma. Tulikuwa tunaamini kaka kapewa jina la upande wa baba.

Sasa, mama huyuhuyu mwaka juzi nilimkalisha sebuleni na daftari, nikamwambia mama nihadithie ukoo wetu, akanipa majina kumi na mbili kwa mpangilio, fulani bin fulani, akamaliza kwa dakika kumi akaniuliza kama nimepika. Huyo mtoto hakumtaja. Hakuwa anaficha, ila swali langu halikuwa na njia ya kumfikia. Moshi wa samaki ulikuwa nayo.

Tangu siku hiyo nimeshafanya hivi mara nyingi, kwa mama, kwa shangazi, kwa baba mkwe, na nimeshaona kipi kinafanya kazi na kipi kinaharibu, kwa hiyo nawaandikia hapa kwa mtu mwenye mzee ambaye bado yupo.

Usimwambie mapema

Hili ndo la kwanza na watu wengi wanakosea hapa. Ukimwambia mama wiki ijayo nakutoa, imekuwa shughuli. Ataanza kutafuta nguo, atauliza nani mwingine anakuja, atapika kabla ili "msile njiani vitu vya ajabu", au asubuhi yake magoti yanauma hataki tena. Halafu na yeye atajiandaa na stori. Mzee akijua anaenda kuulizwa mambo ya zamani anakuja na zile za kuhadithia wageni, ambazo zimeshalainishwa kwa kurudiwa mara mia. Hizo unazijua tayari. Unataka ambazo yeye mwenyewe hajui kama anazo.

Kwa hiyo dandia safari ambayo ipo tayari. Mnatoka msibani, mnatoka kliniki, mmeenda kujaza gesi, mmemsindikiza mtu stendi. Hapo mzee kashavaa, kashatoka ndani, kashakubali kuwa barabarani. Unaongeza tu saa mbili. Neno lenyewe liwe dogo, "mama tupite hapo mara moja". Usiseme mtoko, usiseme out, sema tupite.

Ila ghafla ni kwake yeye, wewe jiandae. Mimi kwenye buti ya gari kuna mfuko haushuki: chupa mbili za maji, kanga moja, toilet pepa, kofia, malapa ya mama ya ziada, na kikopo cha njugu. Dawa zake za mchana nazibeba kila tukitoka hata kama tunaenda sokoni tu. Na mzee mwenye sukari ambaye hajala, usimpeleke safari ya saa nzima na njaa hiyo eti mkale mbele, mama siku ile nilimnunulia ndizi mbili pale pale Bunju kabla hatujaondoka. Ujue pia choo kiko wapi, maana mzee akibanwa na choo hakuna cha stori hapo, atataka nyumbani na ana haki. Mimi huwa nasimama sheli ya njiani tukiwa tunaenda hata kama hajaomba.

Watu wasizidi wanne. Mzee, wewe, na mtoto mmoja kama unaye. Mtoto ni muhimu kuliko unavyofikiri, kwa sababu anauliza maswali ambayo wewe mtu mzima unaona aibu kuuliza. Mwanangu ndo aliuliza, "Bibi, alikufa akazikwa wapi?" Mimi nisingethubutu. Mama akamjibu kama anamwelekeza duka, akamtajia mwembe na upande wa mwembe.

Huna gari? Daladala inatosha, tena kuna wazee wanaongea zaidi wakiwa dirishani. Wa Dar, pantoni ya Kigamboni peke yake ni mtoko, dakika chache tu juu ya maji na upepo, na Feri pale pale unapata samaki.

Chakula gani, na kwa nini sio hotelini

Watu wanaochunguza kumbukumbu wameona jambo moja linajirudia sana: mtu mzima akiulizwa maisha yake, yanayomjia kwa wingi ni ya kuanzia miaka kama kumi mpaka thelathini. Na zile zinazoletwa na harufu zinarudi nyuma zaidi, za utotoni kabisa, hata chini ya miaka kumi. Sababu iko kwenye jinsi ubongo ulivyojengwa. Unachoona na unachosikia kinapita kwanza kituo cha katikati halafu ndo kigawanywe, harufu yenyewe inaingia karibu moja kwa moja sehemu zinazoshika hisia na kumbukumbu. Ndo maana mama alisema stesheni kabla hajajua anasema nini.

Kwa hiyo piga hesabu. Mama kazaliwa 1953, namtafutia chakula alichokula kati ya 1958 na 1980 hivi. Pizza haimo. Chipsi mayai haimo. Watoto wengi wanapenda kumpeleka mzazi sehemu nzuri, viti vya kitambaa, kiyoyozi, na nia ni njema kabisa, ila pale hakuna harufu yoyote, kiyoyozi kimeiondoa, na mzee anakaa wima anaogopa kuchafua meza. Mpeleke penye moshi.

Angalia alikotoka. Mzee wa Kigoma mtafutie migebuka na kitu kilichopikwa kwa mawese. Mzee wa Bukoba, ndizi zilizofungwa kwenye majani, na msimu wa senene ukifika usikose, senene wakikaangwa mtu wa Bukoba hata awe amelala ataamka. Wa Kilimanjaro ana mtori na kiburu. Wa Mtwara na Lindi ana ming'oko, na korosho zinazochomwa na maganda yake, sio za kwenye pakiti. Wa Dodoma mpe mlenda na ugali wa uwele. Sisi wa Tanga tuna bada, ugali wa muhogo, na mchuzi wa papa mkavu wa nazi, na harufu ya papa mkavu mama mkwe wangu hawezi kuivumilia hata dakika moja ila mama yangu akiisikia anaanza kutaja majirani wa mwaka 1965.

Mjini hivi vyote vipo ukivitafuta. Dar zunguka Kariakoo na Buguruni, uliza wauzaji wametoka wapi, maana anayeuza mawese mara nyingi ni mtu wa kwao na mzee akikuta mtu wa kwao anaanza kuongea lugha ya nyumbani, na kumbukumbu nyingine zimehifadhiwa kwa lugha hiyo tu, kwa Kiswahili hazitoki. Baba mkwe Kiswahili chake ni cha ofisini, kimya na heshima. Akikutana na muuza ndizi wa kwao nashindwa hata kumfuatilia. Wa Zanzibar mna Forodhani jioni, wa Mombasa mna Mama Ngina na madafu yake, hapo sina la kuwafundisha.

Chakula kiwe cha moto. Hili sio la ladha tu. Pua ya mzee imepungua nguvu, ni kawaida ya umri, na chakula cha moto kinatoa harufu nyingi kuliko kilichopoa. Ikiwezekana akione kinapikwa, akae karibu na karai, ashike ndimu mwenyewe. Bagamoyo mama alikataa uma, akaomba maji anawe, na ni pale anachambua miiba kwa vidole ndo maneno yalipokuja mengi. Mikono nayo inakumbuka. Alikuwa anatoa miiba anaweka minofu pembeni ya sahani, anaisogeza upande wa mwanangu, akaniambia hivi ndo baba yake alikuwa anawafanyia, minofu hapa na hapa, sawa sawa, maana mdogo wake akiona ya mwenzake kubwa analia treni nzima.

Maswali

Usianze na "unakumbuka?" Unakumbuka ni mtihani, na mzee akishindwa mtihani mbele ya mjukuu anafunga mlango. Usiulize "maisha yalikuwaje zamani" pia, hilo jibu lake unalijua, yalikuwa magumu ila watu walipendana.

Uliza vitu vya kushikika. Nani alikuwa anapika? Jikoni kulikuwa ndani au nje? Mlikuwa mnakula sahani moja wangapi? Akipikwa kuku, firigisi ya nani? Hilo la firigisi ni swali la dhahabu, nawaambia ukweli, kwenye kila ukoo firigisi ina mwenyewe, na ukijua ya nani umejua nani alikuwa na sauti nyumbani. Nyumbani kwao mama ilikuwa ya babu, ila babu akisafiri ilikuwa ya bibi mzaa babu, sio ya bibi. Humo mna stori nzima ya mama mkwe na mkamwana na nimeipata kwenye kuku wa kienyeji wa pale Kiromo tukiwa tunarudi.

Halafu kaa kimya. Hii ndo ngumu kwangu. Mzee akinyamaza sisi tunajaza, tunaongea, tunachekesha, tunatoa simu. Hesabu mpaka ishirini kimoyomoyo. Ukimya wa mzee anayekula anatafuta kitu huko ndani, muache atafute.

Na usimsahihishe. Akisema treni ilikuwa ya rangi fulani na wewe umesoma ilikuwa nyingine, muache na rangi yake. Ukimsahihisha mara moja tu, kuanzia hapo ataongea kwa kukuangalia usoni.

Kupata mwaka bila kuuliza mwaka

Wazee wetu wengi hawana tarehe, wana matukio. Kwa hiyo usiulize mwaka gani, uliza kilikuwepo nini. Nilitaka kujua ile safari ya samaki ni lini, nikamuuliza mama, stesheni bendera ilikuwa ya Mwingereza au yetu? Akajibu bila kufikiri, yetu, mpya, baba alituonyesha. Basi ni baada ya Desemba 9, 1961. Na mdogo wake alikufa kabla mama hajamaliza darasa la nne. Unabana hivyo hivyo mpaka unapata mwaka mmoja au miwili.

Alama nyingine ninazotumia: Mapinduzi ya Zanzibar 1964, Azimio la Arusha 1967 (kwa sisi wa mkonge hii ni kubwa, maana mashamba mengi yalitaifishwa na babu alikuwa anafanya kazi korona, pale mkonge unaposagwa), kuhamia vijijini miaka ya 70, Vita ya Kagera 1978 hadi 1979, msako wa wahujumu uchumi 1983, kifo cha Sokoine Aprili 1984, halafu Mwinyi na ruksa yake kuanzia 1985. Ukimuuliza mzee "ilikuwa kabla ya Sokoine kufa au baada?" wengi wanajibu papo hapo na watakuambia walikuwa wamekaa wapi waliposikia.

Na kuna chakula ambacho chenyewe ni tarehe. Mwone mzee wa Tanzania akila mahindi ya njano. Shangazi tulimsimamisha barabarani Tegeta pale wanapochoma mahindi, leo hii kuna matamu ya njano, akachukua akayatazama akasema "haya ya Yanga". Mwanangu akadhani ni mpira. Kumbe ni ule unga wa njano wa msaada kutoka Marekani enzi za shida, watu wakauita unga wa Yanga kwa sababu ya rangi ya jezi. Kuanzia hapo shangazi alishuka na foleni za duka la ushirika, jinsi watu walivyokuwa wanaweka mawe kushika nafasi usiku halafu asubuhi kila mtu anasimama kwenye jiwe lake, jinsi walivyofulia majani ya mpapai sabuni ilipokosekana, na kwamba sare ya shule ya baba yangu mdogo ilishonwa kutoka pazia. Yote hayo kwa hindi moja la kuchoma. Tulikaa pale kwenye benchi la muuzaji mpaka akamaliza kufunga.

Simu

Rekodi, ila omba ruhusa. Sio lazima hotuba, "bibi nirekodi hii wajukuu wasikie?" inatosha, na akisema hapana ni hapana. Video inawakausha wengi, wanaanza kurekebisha mtandio. Sauti tupu ni bora. Bonyeza, geuza simu kifudifudi, iweke karibu na sahani ila sio juu ya meza ya bati maana kila kijiko kinasikika kama radi, weka kanga chini yake. Weka mode ya ndege isije ikaita katikati. Chaji iwe zaidi ya nusu. Mimi niliwahi kupoteza dakika arobaini za baba mkwe kwa sababu simu ilijaa picha, mpaka leo inaniuma.

Ukifika nyumbani usiku huohuo, kabla ya kulala, isikilize na uandike majina na mahali tu. Sio kila neno. Majina, mahali, nani wa nani. Halafu faili lipe jina la maana, "mama Bagamoyo samaki mdogo wake surua", sio AUD na tarakimu ishirini. Tuma nakala kwa mtu mmoja zaidi na ujitumie kwenye barua pepe. Simu zinaibiwa, zinaanguka chooni.

Likitoka la kuumiza

Litatoka, uwe tayari. Chakula hakichagui, kinaweza kuleta harusi na kinaweza kuleta mwaka wa njaa. Mama alipomtaja mdogo wake alilia, sio sana, machozi tu yanashuka huku anaendelea kutafuna, na mimi nilishtuka nikataka kusema tuondoke. Nashukuru sikusema. Nilimpa kanga, nikamwita jina tu, mama. Akafuta akaendelea, na akasema kitu ambacho ndo sababu naandika haya yote, kwamba tangu bibi afariki hakuna mtu duniani aliyekuwa anajua huyo mtoto alikuwa anapenda nini. Sasa wapo watatu, na mmoja ana miaka kumi.

Ukiona mzee anatetemeka, au pumzi inabadilika, au anarudia jambo moja la kutisha bila kutoka, hapo acha. Mtoe pale, mtembeze kidogo, rudini kwenye vitu vya sasa, bei ya samaki, upepo. Usimbane amalizie. Kuna wazee walipita vita, kuna waliopoteza watoto, sio kila mlango ni wako kuufungua.

Na kuna mengine ataomba yabaki hapo. Yabaki. Rekodi hiyo ifute mbele yake.

Kama mzee ameanza kusahau

Usifikiri huyu hafai. Mara nyingi kinachopotea kwanza ni cha juzi na jana, cha utotoni kinakaa muda mrefu zaidi. Anaweza asijue amekula asubuhi lakini akakuimbia wimbo wa kutwanga. Kwake maswali yapunguze kabisa, mpe kitu mkononi, kipande cha muhogo wa kuchoma, ndimu iliyokatwa, kashata, subiri. Akikuita jina la dada yake usikatae, itika, uliza "tunapika nini leo?" Mtoko wake uwe mfupi, mchana, sehemu isiyo na kelele nyingi maana kelele zinamchanganya. Soko lenye watu wengi kwake sio, ila meza moja chini ya mti na muuza madafu mmoja inatosha. Na uangalie kumeza. Kama anapaliwa paliwa, samaki mwenye miiba midogo hapana, mpe uji, mpe mchuzi, harufu ni ileile.

Mkishafika nyumbani

Ndani ya wiki hiyo kipikeni kile chakula mlichokitaja, yeye akiwa jikoni. Amri aitoe yeye, mikono iwe yako. Shida ni vipimo, "tia nazi kiasi", "chumvi ya kutosha", na ukimuuliza kiasi ni kiasi gani anakuona mjinga. Fanya hivi: kila anachotaka kutia, mpe bakuli atie humo kwanza kwa mkono wake, wewe pima kwenye mzani ndo umimine sufuriani. Kama huna mzani pima na kikombe kimoja hichohicho mwanzo mwisho. Bibi zetu walipima kwa kibaba na pishi, pishi moja ni vibaba vinne, ukisikia hivyo andika hivyohivyo usibadilishe kuwa kilo kichwani. Bada ya mama nimeifanya mara tatu ndo ikakubali, na ya tatu alisema "hii ya kwetu", sijawahi kusifiwa vile hata nilipopata kazi.

Walio mbali, na nyie mnaweza. Kaka yangu yuko Muscat mwaka wa kumi sasa. Nilimtumia ile sauti ya Bagamoyo, dakika ishirini na tatu, hakujibu siku nzima, tiki za bluu zipo. Usiku akanipigia, kaisikiliza mara tatu. Akauliza kitu kimoja tu, huyo mtoto alikuwa anapenda upande gani wa samaki. Sasa Ijumaa zake za mapumziko anakaanga samaki huko, anaweka simu juu ya friji, anampigia mama kwa video na mama anamwelekeza. Harufu haifiki Tanzania, lakini mlio wa mafuta unafika, na mama ameshapata mambo mawili matatu kwa mlio huo.

Na la mwisho, hili usilikose. Stori haishii mlipokula. Ukiufungua mlango leo, vitu vinaendelea kutoka siku mbili tatu mbele, tena mara nyingi alfajiri mzee akiwa peke yake. Kwa hiyo kesho yake asubuhi mpigie. Usisubiri akupigie maana atajiambia ni jambo dogo. Siku ile ya Bagamoyo mama alitangulia kunipigia yeye, saa kumi na moja alfajiri, katoka kuswali, mimi niko nusu usingizini. "Mwanangu, yule mama wa stesheni aliyetuuzia samaki nimemkumbuka, alikuwa na jicho moja, na alimwongezea mdogo wangu kichwa cha samaki bure." Nikamwambia mama subiri nichukue kalamu.